Niliunganisha PS2 ya mume wangu kwa converter ya AV, memory card ikanitajia jina la Bhoke

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi. Leo nimeamua kuandika. Ninayosimulia yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini siku hizi naogopa kutaja majina ya watu.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Makambako, ila kazi ilinileta Serengeti, na huu ni mwaka wa sita naishi Morotonga, pembeni ya mji wa Mugumu. Mume wangu, nitamwita Marwa, ni Mkurya wa Tarime vijijini. Ni fundi wa magari makubwa kwa mkandarasi mmoja kule Nyamongo. Amepanga chumba hukohuko, nyumbani anakuja akiwa off. Tuna mtoto mmoja, Imani, ana miaka minne.

Nyamongo ni mji wa dhahabu. Kuna wafanyakazi wa mgodi, wachimbaji wadogo, maduka, bodaboda kila kona, na wanawake wazuri wanaojua siku za mshahara kuliko wahasibu. Mwanamke mwenye mume Nyamongo ana mashaka yake hata kama hasemi. Mimi nilikuwa sisemi.

Sasa, mwezi mmoja hivi nikiwa likizo, Marwa alikuja na begi lake la nguo chafu kama kawaida. Ndani ya begi kulikuwa na PS2, ile nyembamba, na pad moja, na waya wake wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu.

Nikamuuliza, hii ya nani?

Akasema, "Yangu. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama. TV yangu ya kichogo imekufa, sasa haina kazi kule. Tafuta mtu aichukue."

Hapo ndipo mashaka yalipoanza, wakuu, na niwaeleze kwa nini.

Mimi nimekulia kwenye game. Kaka zangu walikuwa na kibanda cha game pale Makambako, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua asubuhi wao wakiwa wamelala. Nimecheza mpira wa PS2 mpaka vidole vikaota sugu. Marwa ninamjua. Siku moja kwa kaka yangu alipewa pad akaishika juu chini, akacheka, akairudisha. Ni mtu wa kusikiliza redio na kulala.

Mtu wa namna hiyo ananunua PS2 ya nini?

Sikumuuliza. Nilifua nguo zake, nikampikia, akaondoka Jumatatu alfajiri. PS2 ikabaki juu ya kabati.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa naiangalia tu. Ya tatu nikasema ngoja niiwashe.

Tatizo ni TV yetu. Ni flat ya hizi mpya, nyuma ina HDMI mbili na tundu la USB, basi. Matundu ya rangi hakuna. Na PS2 inatoa picha kwa ule waya wa rangi tatu tu. Kwa hiyo lazima upate converter, kile kidude kidogo mfano wa kiberiti: upande mmoja unachomeka zile rangi tatu, upande wa pili unatoka na HDMI kwenda kwenye TV.

Nikaenda Mugumu mjini, duka moja la vifaa vya umeme. Nikamwambia muuzaji nataka converter ya HDMI na AV. Akanipa, nikalipa, nikarudi.

Kuchomeka, TV inasema hakuna signal. Nikachomoa, nikarudishia, hakuna. Nikabadili tundu, hakuna.

Mimi kwa hali niliyokuwa nayo siku zile kila mtu kwangu alikuwa mwongo. Nikajisemea yule kaka ameniona mwanamke, akanipa kifaa kibovu. Nikarudi pale na uso wa polisi.

Nikamwambia, "Kaka, umeniuzia kitu kimekufa."

Akakigeuza mkononi, akanionyesha maandishi ya juu. "Dada, hiki ni kizima. Hiki kinatoa HDMI kupeleka AV. Wewe unataka AV kwenda HDMI. Uliniambia majina mawili, hukuniambia ipi inatoka na ipi inaenda."

Aibu ilinishika kidogo. Akanibadilishia bila maneno. Kwa hiyo wadau, mkinunua hivi vidude someni mshale: AV2HDMI siyo HDMI2AV. Vinafanana kama mapacha.

Hicho cha pili nacho hakikuwasha mara moja. Kina kiwaya cha USB cha kuvuta umeme, nikakichomeka kwenye TV, taa ikawa inapepesa. Nikakihamishia kwenye kichwa cha chaja ya simu, taa ikatulia. Picha ikaja, lakini inatetemeka na haina rangi. Kuangalia kichwa cha njano kwenye waya, kina kutu. Nikachukua pamba na spirit, nikakisugua kama ninasafisha kidonda. Nikachomeka.

Rangi zikatokea.

Kwanza kabisa iliniuliza lugha, tarehe na saa, kama mashine ambayo haijawahi kuwashwa. Nikaweka, nikapita. Sikuwaza kitu, na hapo ndipo nilipopaswa kuwaza.

Nikafungua sehemu ya memory card, ile kadi ndogo ya kuhifadhia game, ilikuwa bado imechomekwa.

Mafaili tisa ya game ya mpira, kila moja na tarehe yake na saa iliyohifadhiwa. Nikaanza kuyasoma moja moja.

02:40. 03:15. 02:55. 04:05. 03:10.

Yote tisa yako kati ya saa nane usiku na saa kumi na kitu alfajiri. Na zile tarehe nilizikumbuka vizuri, kwa sababu ni wiki mbili ambazo Marwa aliniambia yuko zamu ya usiku. Alikuwa ananipigia jioni, nasikia mashine nyuma yake, ananiambia naingia kazini, lala salama.

Sasa kama yuko kazini, nani alikuwa anacheza game chumbani kwake saa tisa usiku?

Nilibonyeza nikaingia kwenye game yenyewe, CD ilikuwa bado ndani. Nikafungua faili la mwisho. Kwenye nafasi ya jina la kocha pameandikwa, kwa herufi kubwa: BHOKE.

Kwa wasiojua huku, Bhoke ni jina la kike la Kikurya. Wapo wengi sana. Pale kazini kwetu kila wiki anazaliwa Bhoke.

Nilizima TV. Nikakaa kwenye kochi. Imani alikuwa anacheza na lile boksi la converter, ananiuliza mama kimezima umeme? Nikamwambia ndiyo.

Nilijenga kesi nzima kichwani mchana ule. Ama Marwa hakuwa zamu ya usiku, ananidanganya, yuko chumbani na huyo Bhoke wanacheza game. Ama yuko kazini kweli na mwanamke analala kwenye kitanda chake peke yake kama mwenye nyumba. Ya pili iliniuma zaidi. Mtu wa kupita haachiwi funguo.

Na kila kitu kikaanza kuingia mahali pake. Zamani nilikuwa naenda Nyamongo, nafika kwake na kulala, sikuwa naruka hata mwezi. Safari hii ilikuwa imepita miezi mitatu, kila nikisema nakuja anasema usije, mwenye nyumba anakarabati. Unga aliokuwa anachukua nyumbani uliongezeka. Siku moja nilikuta kwenye begi lake pakiti ya pedi, akasema amenunua aniletee mimi. Nilimshukuru.

Rafiki yangu wa karibu hapa ni Anitha, muuguzi mwenzangu, Mhaya wa Muleba. Nilimwita nyumbani, nikamwonyesha zile tarehe na lile jina. Akaziangalia kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna cha kubishana," akasema. "Ila usimuulize yeye. Ukimuuliza ataficha ushahidi. Mpigie mama mkwe. Mama akijua kwamba kijana wake ana mwanamke, atamvuta sikio kabla hujatoa neno."

Niseme ukweli, simlaumu Anitha. Nilikuwa nimeshaamua, nilitaka tu mtu mwingine aliseme.

Mama mkwe wangu ni mama wa kijijini, mpole, ananipenda. Tangu niolewe hatujawahi kugombana. Nilimpigia siku hiyohiyo mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Mama Imani. Wazima huko?"

Nikamwambia sisi wazima, lakini nina jambo. Nikalia kidogo. Nikamwambia mwanao ana mwanamke kule Nyamongo, anaishi naye chumbani, na jina lake ninalo, anaitwa Bhoke.

Nikadhani simu imekata. Nikasema halo, mama.

Akasema taratibu, "Umesema Bhoke."

"Ndiyo mama."

"Yuko kwa Marwa. Nyamongo."

"Ndiyo. Tena nadhani ni miezi mitatu sasa."

Akapumua. "Asante mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Marwa usimwambie kitu kwanza."

Nilikata simu nikiwa nimetulia. Nilijiona nimefarijiwa. Leo nikirudia yale maneno nasikia wazi kwamba hakuniuliza swali hata moja ambalo mama mkwe angeuliza. Hakuuliza umejuaje. Hakusema pole. Aliuliza mahali tu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi asubuhi Marwa alikuja. Nilikuwa nimeiwasha TV tayari, memory card imefunguka kwenye kioo, yale mafaili tisa yamejipanga. Sikumsalimia. Nilimwonyesha kwa mkono.

Akaangalia TV. Akaangalia kile kidude cha converter kinaning'inia nyuma. Nilitegemea akasirike, au acheke, au aanze kudanganya. Hakufanya hata kimoja. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Umemwambia nani?"

"Swali langu ni Bhoke ni nani."

"Mama Imani, nakuuliza. Umemwambia nani hili jina?"

Nikamwambia nimemwambia mama yako.

Wakuu, sijawahi kuona sura ya mtu ikibadilika vile. Alikaa chini sakafuni, siyo kwenye kochi, sakafuni palepale mlangoni na viatu vyake.

Akasema, "Bhoke ni Neema."

Neema ni mdogo wake wa mwisho. Tumbo moja. Siku ya harusi yetu alikuwa binti wa shule ya msingi, alinishikia maua. Mimi nimemfahamu kwa jina la ubatizo tu, na mbele yangu, mgeni kutoka Makambako, wote walikuwa wanamwita hivyo. Jina la nyumbani sikuwahi kulisikia, na sikuwahi kuuliza. Miaka yote hii.

Na huyo Neema niliambiwa na mama mkwe yuko Musoma anajifunza kushona.

Marwa akanieleza yote palepale sakafuni. Nitawafupishia.

Huku kwa Wakurya kuna mila inaitwa nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anaoa binti. Anatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti kama mwanaume anavyotoa, binti anakuja kukaa kwake, na watoto watakaozaliwa wanahesabika wa nyumba ile. Sitaki matusi kwenye comment kuhusu hili. Nimehudumia akina mama wengi wa nyumba hizo, na nyingine zina amani kuliko yangu. Shida ni pale binti anapokuwa hataki.

Neema alimaliza form four, ana miaka kumi na tisa, anataka kusoma. Kuna mjane jirani yao, mama mwenye heshima zake, alimposa. Baba yao alishafariki, mwenye kauli ni baba mdogo. Akapokea ng'ombe, na wale ng'ombe wakatoka haraka kwenda kumuolea mwanawe. Neema akasema hataki. Hakusikilizwa. Akatoroka, akaenda kwa mtu mmoja tu aliyemwamini, kaka yake.

Marwa alimwachia chumba, yeye akawa analala kwa mfanyakazi mwenzake. Hakumwambia mtu yeyote. Wala mimi.

Nikamuuliza, na hii game?

"Alikuwa anajifungia. Asubuhi uani kumejaa watu, wanafua, wanapiga stori, na wapo watu wa kwetu wanaopita pale. Akitoka ataonekana. Nikamtafutia kitu cha kumshughulisha. Anacheza amezima sauti."

Nikasema, asubuhi? Hizi ni saa nane na saa tisa usiku.

Akaangalia tena kioo. Akasema, "Ile mashine betri yake ya ndani imekufa. Kila ukiwasha inauliza saa upya. Bhoke anaweka kama tunavyosema. Ikiwa saa tatu asubuhi, anaandika tatu."

Wakuu, saa ya Kiswahili. Mimi nilisoma tatu nikaifanya saa tisa ya usiku, kwa sababu nilikuwa natafuta usiku.

Hatukupoteza muda. Imani tulimwacha kwa Anitha, tukapanda pikipiki ya Marwa. Barabara ya Nyamongo mnaijua ile, vumbi na malori. Nilikuwa nimemshika kiunoni na nilihisi jinsi alivyokaza mgongo, kama amebeba mzigo asioutaka.

Tulipofika, mwenye nyumba, Mama Ghati, alikuwa amekaa mbele ya mlango wa Marwa anachambua dagaa. Hakuwa na sababu ya kuchambulia pale. Alipotuona akasema kwa Marwa, "Jana walikuja wanaume wawili na pikipiki. Waliuliza chumba chako. Nikasema sijui, wakasema watarudi."

"Na yeye?"

"Yuko jikoni kwangu."

Nikaingia jikoni. Neema alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, begi la mgongoni liko mapajani. Amekua, kichwa kimenyolewa, amekonda. Akanyanyuka.

"Shikamoo wifi."

Nilimshika mkono nikaanza kusema samahani, nikasema ni mimi, ni mimi niliyepiga simu. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine.

Akatoa mkono wake taratibu. Bila hasira.

"Ulimwambia mama niko huku?"

"Nilidhani ni mwanamke wa kaka yako."

Akafikiri. Akasema, "Wifi, ungemuuliza kaka kwanza," akakaa tena kwenye ndoo yake.

Marwa alikuwa nje anapiga simu kutafuta gari la kumtoa pale. Halijapatikana, tukasikia pikipiki mbili. Baba mdogo na kijana wake. Nyuma ya pikipiki ya pili, mama mkwe wangu, amejifunga khanga kichwani, vumbi hadi kwenye kope.

Akashuka, akanikuta mimi mlangoni kwa jikoni. Akanishika bega mbele ya wote.

"Mama Imani, asante. Wewe ndiye mtoto wangu. Niliowazaa walinificha, wewe umenionyesha."

Alimaanisha vizuri. Macho yake yalikuwa na machozi, miezi mitatu hajui kama binti yake yu hai. Lakini nilimwona Neema nyuma ya mlango amesikia kila neno, na nilimwona Marwa anatazama chini.

Baba mdogo akasema hakuna maneno mengi, binti apande pikipiki, ng'ombe za watu siyo mchezo. Marwa akasimama mlangoni. Baba mdogo akamwambia, "Mura, kijana wangu, utapigana na mimi?" Marwa akajibu, "Sipigani, baba. Ila hapiti mtu hapa."

Aliyeivunja ile hali ni Mama Ghati. Aliweka chini ungo wa dagaa, akasimama katikati.

"Huu ni mji wangu. Nimeujenga kwa mikono yangu baada ya mume kufa. Hapa hachukuliwi mtu kama mbuzi. Kama mna kesi, Jumatatu mtendaji yupo ofisini, pelekeni. Na huyo binti ana mdomo, mmuulize."

Ndipo Neema akatoka. Akamsalimia baba mdogo, akampigia mama yake magoti. Akazungumza Kikurya, mimi napata nusu, baadaye Marwa alinifafanulia. Alisema yule mjane hamkatai kwa ubaya, ni mama mzuri, amemlisha tangu akiwa mdogo. Alisema hataki kuolewa na mtu yeyote sasa, awe mwanamke awe mwanaume. Alisema akipelekwa kwa nguvu atatoroka tena, na safari hiyo hatakwenda kwa ndugu.

Mama mkwe alilia. Baba mdogo akasema basi, Jumatatu kwa mtendaji, akaondoka na mama.

Jumatatu walikutana kweli. Neema hakuwepo. Jumapili alikuwa ameshaondoka, na aliyempeleka ni Marwa peke yake.

Kilichonishangaza kwenye kile kikao ni yule mjane. Naye aliitwa. Marwa ananiambia alisikiliza wote mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilitaka mtu wa kukaa naye nyumbani. Mtu wa kufungwa kamba simtaki, nitalala lini?" Akasema ng'ombe watazungumzwa taratibu kati yake na ile familia, binti aachwe. Baba mdogo hakupenda, lakini mwenye ng'ombe akishasema hivyo, wewe unabishana na nani?

Kwa hiyo Neema yuko salama. Nasikia anasoma. Nasikia, maana sijamwona tena wala sijasikia sauti yake.

Na hapa ndipo penye sehemu inayonitoa usingizi.

Marwa hajanitajia mji aliomo mdogo wake. Mwanzoni nilikasirika. Nilimwambia nimekuomba msamaha mara ngapi? Akasema amenisamehe zamani. Nikamwambia basi niambie yuko wapi. Akamchukua Imani, wakaenda kuangalia kuku.

Mimi niliyekuwa namchunguza kila begi, sasa ndiye ninayechungwa. Ananipenda, naamini. Analeta kila kitu nyumbani, nikienda Nyamongo nalala chumbani kwake bila shida. Ila simu fulani zikiingia anatoka nazo nje.

Na mama mkwe ananipigia kila wiki. Marwa siku hizi hazungumzi naye, mimi naongea naye vizuri. Ananiulizia mtoto, ananiulizia kazi. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, anauliza, "Na yule, umesikia yuko wapi?"

Namwambia sijui mama. Na ni kweli sijui. Imenichukua muda kuelewa kwamba kutojua kwangu ndiko kunakomlinda yule binti. Ningejua, na mama akalia kwenye simu kama anavyolia, sina uhakika ningenyamaza.

Wiki iliyopita Marwa alikuwa anaoga, simu yake iko mezani, ikaita. Namba tupu, haina jina. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaurudisha. Nikachukua beseni la nguo nikatoka nje kuanika, nikaiacha iite mpaka ikakata. Alipotoka bafuni nilimwambia tu, "Simu yako iliita." Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Asante." Halafu akaipiga ile namba akiwa amekaa palepale mezani, mimi nikiwa nje ya dirisha naanika, na hakutoka nje. Aliongea Kikurya, sikuelewa yote, na sikujitahidi kuelewa.

Nilichojifunza, wakuu: ukishaanza kumshuku mtu, kila kitu kinageuka ushahidi. Unga, pedi, saa ya mashine. Mimi nilikuwa na maswali tisa kwenye kioo cha TV na mtu wa kuyajibu alikuwa anakuja Jumamosi, nikashindwa kusubiri siku mbili. Mshuku mumeo ukitaka, siwezi kukuzuia, lakini muulize yeye kwanza kabla ya kumpelekea mtu mwingine jina. Jina la mtu ukishalitoa huwezi kulirudisha.

Sasa nawaomba ninyi, hasa mlioolewa au kuoa mbali na kwenu. Je, nimwombe tena aniambie alipo wifi yangu, au niache ibaki hivyo? Na mama mkwe, nimwambie wazi asiniulize tena, au niendelee kuitikia sijui? Niambieni kama mngemwambia dada yenu, hata kama ni kunichapa kwa maneno. Nitasoma yote.